Msimsafishe: gombessa, mnyoo wake, na neno lililonishinda



Johannesburg haina bahari. Haina hata mto wa kujivunia. Mji umekaa juu ya mgongo wa Witwatersrand, mita 1,700 na ushei toka usawa wa bahari, na mvua ikinyesha maji ya upande mmoja hushuka Vaal na mwisho wake Atlantiki, ya upande wa pili hushika Limpopo mpaka Bahari ya Hindi, yaani bahari yetu. Mie mtu wa Tanga nimeishi juu ya mgongo huo miaka mingi nikila riziki kwa kufasiri, na ni humu humu, mbali kabisa na pwani, nilikofanya kosa la kazi lililonitumbukiza katika historia ya samaki na minyoo yao. Nalisimulia kosa lenyewe kwanza, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mtu wa lugha kama mimi nimejipa kazi ya kusoma habari za wadudu wa kwenye matamvua.

Mwaka 2006 dada mmoja wa Mombasa, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili hapa mjini, alinijia na karatasi ya Kiingereza ya ukurasa mmoja. Alikuwa akitafiti minyoo bapa wanaoishi kwenye matamvua ya samaki wa baharini: chewa, changu, kolekole na wenzao. Fedha alizopata zilimtosha safari moja tu ya kwenda Tanga. Mjomba wangu, mvuvi wa siku nyingi, alikubali kuwaambia wenzake wamwekee samaki kwenye barafu siku mbili kabla hajafika, na ile karatasi ilikuwa ya maelekezo kwao. Pamoja na mengine ilisema samaki aoshwe mchanga kwa maji ya bahari. Mimi, kwa haraka na kwa kujiamini, nikaandika: samaki asafishwe kwa maji ya bahari kisha awekwe kwenye barafu.

Najua wale mliokulia pwani mmeshacheka. Kusafisha samaki kila mtoto aliyewahi kutumwa jikoni anajua maana yake: unampara magamba, unamtumbua, unamng'oa matamvua, unamwosha mpaka maji yatoke meupe. Wavuvi wa watu wakafanya kama walivyoandikiwa, tena kwa uangalifu mkubwa. Dada wa watu akafika Tanga akafungua majokofu, akakuta samaki wazuri, wasafi, tayari kwa mchuzi. Minyoo aliyoifuata kilomita elfu kadhaa ilikuwa imeshaliwa na paka wa pwani pamoja na matamvua.

Aliporudi alinipigia simu. "Shikamoo mwalimu," akasema, na baada ya hapo akanyamaza kidogo. "Mwalimu, sisi tulisema waoshwe." Hakunilaumu zaidi ya hapo, na afadhali angenilaumu.

Basi kwa aibu ile nikaanza kusoma. Na nilichokuta ni kwamba sikuwa wa kwanza. Kosa la kumsafisha samaki kabla hajachunguzwa ndilo linalofungua historia nzima ya samaki mashuhuri kuliko wote wa bahari yetu, yule ambaye Wangazija humwita gombessa na sisi Tanga siku hizi tunamwita silikanti.

Habari za silikanti wengi wenu mmezisikia. Tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi iitwayo Nerine, chini ya nahodha Hendrik Goosen, iliingia bandari ya East London hapa Afrika Kusini ikiwa na samaki wa buluu wa ajabu, aliyenaswa karibu na mlango wa mto Chalumna. Msimamizi wa makumbusho ya mji ule, bibi Marjorie Courtenay-Latimer, akamchukua. Alikuwa ni samaki wa ukoo uliokuwa ukijulikana kwa visukuku tu, ulioaminika kuwa umekwisha duniani pamoja na madinosaria, miaka kama milioni 66 iliyopita. Bingwa wa samaki, J. L. B. Smith, mhadhiri wa kemia katika chuo cha Rhodes huko Grahamstown, alikuwa likizoni Knysna, na barua zilikwenda polepole. Desemba huku ni joto kali. Chumba baridi cha kumweka samaki wa kilo zaidi ya hamsini hakikupatikana. Mwishowe fundi wa kukausha wanyama akamchuna ngozi ili imjaze umbo, na viungo laini, matumbo na matamvua, vikatupwa. Smith alipofika Februari 1939 alikuta ngozi na fuvu. Zilimtosha kumpa jina, Latimeria chalumnae, jina la bibi yule na la mto ule. Lakini yeye mwenyewe alisikitika maisha yake yote kwa vile vilivyokwenda jalalani.

Vitabu hueleza hasara ile kwa upande wa samaki: moyo wake, ubongo wake, utumbo wake. Sijaona wengi wanaoitaja hasara ya wapangaji. Samaki si kiumbe mmoja, ni nyumba. Kwenye matamvua yake, kwenye ngozi, ndani ya utumbo, mna viumbe ambao hawaishi penginepo. Aliyetupa matamvua ya 1938 alitupa na hao, bila kujua kwamba wapo.

Sasa tufike 1952, maana hapa ndipo pananihusu mimi mfasiri. Smith kwa miaka kumi na minne alimtafuta silikanti wa pili. Alipiga chapa tangazo lenye picha ya samaki na ahadi ya pauni 100, likasambazwa kando ya pwani ya Afrika Mashariki na visiwani. Tangazo lile lilikataza waziwazi kwamba samaki asikatwe wala asisafishwe kwa namna yoyote. Yaani Smith alikuwa ameshajifunza. Alijua kabisa kwamba mkono wa mvuvi na wa mpishi hukimbilia wapi kwanza. Onyo alilolitoa yeye ndilo nililolipindua mimi miaka zaidi ya hamsini baadaye.

Lakini tangazo hilo liliandikwa kwa lugha tatu: Kiingereza, Kireno na Kifaransa. Kiswahili hakimo. Kingazija hakimo. Kwa pwani ambayo wavuvi wake toka Lamu mpaka Msumbiji walikuwa wakielewana kwa Kiswahili na ndugu zake, na wengi waliosoma chuoni wakisoma herufi za Kiarabu, mtu alitangaza zawadi kubwa kuliko mapato ya mvuvi ya mwaka mzima bila kumwambia mvuvi. Siandiki haya kumsuta marehemu. Mimi niliiandika yangu kwa Kiswahili na bado nikaharibu.

Kilichookoa ni mtu. Usiku wa Desemba 20, 1952, mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua gombessa karibu na Domoni, kisiwa cha Nzwani, ambacho Wafaransa hukiita Anjouan. Kwake hakuwa maajabu. Wangazija walimjua samaki huyu, na wengi wameandika kwamba magamba yake makali yalitumika kukwaruza mipira ya baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Ahamadi alimpeleka sokoni, na pale sokoni, kabla hajakatwa vipande, mwalimu wa shule aitwaye Affane Mohamed akamtambua kwa picha ya lile tangazo. Samaki akabebwa kuvuka milima mpaka Mutsamudu kwa Eric Hunt, nahodha Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara visiwani na aliyekuwa amekutana na akina Smith huko Zanzibar mwaka ule ule. Huyo akatiwa chumvi, baadaye fomalini. Smith akamlilia waziri mkuu D. F. Malan, akapewa ndege ya jeshi aina ya Dakota, akamfuata samaki mpaka Mayotte siku chache kabla ya mwaka mpya.

Na hapo hapo likaja kosa la uainishaji. Samaki wa Domoni hakuwa na pezi la kwanza la mgongoni. Smith akatangaza kwamba huyu ni jenasi mpya, akamwita Malania anjouanae kwa heshima ya waziri mkuu aliyemtolea ndege. Samaki waliovuliwa baadaye walionyesha kwamba ni Latimeria yule yule. Pezi la yule wa Domoni lilikuwa limepotea kwa ajali ya maishani mwake. Jina Malania likabaki kwenye orodha za majina yaliyokufa, na mimi kama mkazi wa nchi hii sijalilia. Kumbukeni tu jinsi kosa lilivyotokea: kiungo kimoja kilichokosekana, na mtaalamu mkubwa aliyekuwa na haraka.

Baada ya 1953 Wafaransa wakafunga mlango. Gombessa wote wa Komoro wakawa wa Jacques Millot na wenzake, ambao waliandika anatomia ya samaki huyu katika majuzuu matatu, la kwanza 1958 na la mwisho 1978. Kazi ya maana sana. Kidogo kidogo samaki wakaanza kwenda pia kwenye makumbusho ya nchi nyingine. Na mmoja wao ndiye aliyeleta mnyoo.

Mwaka 1971, katika jarida la Makumbusho ya Vimelea ya Meguro, Tokyo, nyumba ndogo iliyoanzishwa 1953 na isiyoonyesha kitu kingine ila minyoo na jamaa zao, mtafiti Kamegai alichapisha kurasa chache juu ya vimelea vya silikanti wa Komoro. Alikuwa na mabuu wawili wa minyoo, na mnyoo bapa mmoja mpya kabisa wa kundi la monojenea. Akampa jina Dactylodiscus latimeris, na kwa kuwa hakufanana na yeyote aliyejulikana, akamwundia na familia yake mwenyewe.

Monojenea ni minyoo bapa wadogo, wengi hawafiki hata milimita tano, wanaoganda juu ya samaki, hasa kwenye matamvua, kwa kiungo cha nyuma chenye kulabu. Hawapiti kwa konokono kama mnyoo wa kichocho. Yai linaanguka majini, linatoa kijibuu chenye vinyweleo, kijibuu kinaogelea kutafuta samaki wake, kikimkosa kinakufa. Ndiyo maana aghalabu kila spishi ya mnyoo ina samaki wake au jamaa wa samaki huyo. Na ndiyo maana pia kumtambua kunahitaji mambo matatu: umjue samaki, ujue ametoka sehemu gani ya mwili, na uone kulabu. Mnyoo mwenyewe ni laini, hujikunja, hunywea, hubadilika umbo mkononi mwako. Kulabu ni ngumu, hazidanganyi. Mtu hummwagia dawa inayokausha nyama na kuziacha kulabu wazi, akazichora chini ya hadubini, akapima kila moja kwa sehemu za elfu za milimita. Baada ya hapo hutazama kiungo cha kiume, ambacho nacho kina sehemu ngumu zenye umbo la pekee. Siku hizi huongezwa DNA, lakini mnyoo aliyekaa kwenye fomalini DNA yake huharibika, kwa hiyo lazima wengine watiwe kwenye spiriti toka mwanzo. Na samaki akishakufa minyoo hufuata haraka, huachia, huoza. Barafu hununua saa kadhaa tu.

Narudi kwa Kamegai. Mwaka uliofuata, 1972, alilazimika kumbadilisha mnyoo wake jina. Dactylodiscus lilikuwa limeshatumika. Msweden Olsson alilitumia 1893 kwa mnyoo wa samaki wa mito baridi ya kwao, na ingawa mnyoo yule alikuwa ameshahamishiwa jenasi nyingine, Tetraonchus, sheria ya majina ya wanyama hairuhusu jina lililowahi kutumika litumike tena. Mnyoo wa gombessa akawa Neodactylodiscus latimeris, na familia yake ikafuata, Neodactylodiscidae. Baadaye Boeger na Kritsky, mabingwa wawili waliopanga upya nasaba ya monojenea katika miaka ya 1990, walimpandisha mpaka kwenye oda ndogo ya peke yake. Fikirini hilo. Spishi moja, jenasi moja, familia moja, oda ndogo moja: nyumba ya ghorofa nne anaishi mtu mmoja.

Watu wa uainishaji hawapendi nyumba za namna hiyo. Ukiona mtu yuko peke yake ghorofa zote, ama ni wa pekee kweli, ama jamaa zake hawajaonekana bado. Na hapa swali ni zito kuliko linavyosikika. Je, mnyoo huyu ni urithi, ameshuka na ukoo wa silikanti toka zamani za visukuku? Au ni mhamiaji, aliruka juzijuzi kutoka kwa samaki jirani wa miamba ile ile yenye kina kirefu? Umbo la kulabu husaidia kiasi, lakini kulabu hufuata pia umbo la tamvua linaloshikwa, kwa hiyo wageni wawili wa nyumba moja wanaweza kufanana bila udugu. DNA ndiyo ya kuamulia ugomvi huo, na DNA inataka matamvua mabichi. Tumerudi pale pale kwa kisu cha mpishi.

Msidhani makosa haya ni ya samaki wa ajabu tu. Mfano ninaoupenda ni wa samaki wa kawaida wa Ulaya. Mwaka 1832 Nordmann alieleza mnyoo wa matamvua mwenye miili miwili iliyopishana kama herufi X, akamwita Diplozoon, mnyama pacha. Mwaka 1845 Dujardin akakuta mnyoo mdogo wa mwili mmoja, akampa jenasi yake, Diporpa. Ilibidi von Siebold, mwaka 1851, aonyeshe kwamba Diporpa ni mtoto wa Diplozoon: vijana wawili hukutana juu ya tamvua, hushikana, miili ikaungana, wasiachane tena mpaka kufa. Bwana Dujardin alikuwa amempa mtoto jina la ukoo mwingine mbele ya wazazi wake. Nawaachia washairi waliopo hapa hiyo habari ya ndoa.

Na jamaa za hao wako hapa hapa nilipo. Mto Vaal uko kama saa moja kwa gari kusini ya Johannesburg, na samaki wake wa manjano wana pacha wao. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johannesburg, wakiongozwa na Annemariè Avenant-Oldewage, walieleza Paradiplozoon ichthyoxanthon kutoka kwa Labeobarbus aeneus wa Vaal. 2015 ikaja Paradiplozoon vaalense kutoka kwa Labeo umbratus wa mto huo huo. Nasema haya kwa sababu dada wa Mombasa, baada ya Tanga, hakuwa na fedha ya safari ya pili. Alibadilisha somo, akaandika juu ya samaki wa mto asiowahi kuwala kwao. Alifaulu, na vizuri. Lakini minyoo ya kolekole wa Tanga haikuandikwa na mtu wa pwani ambaye angeweza kuiandika, na sababu yake ni kitenzi kimoja.

Sasa kuna jambo linaloniuma zaidi. Aprili 2001 silikanti alivuliwa nje ya Malindi. Kuanzia 2003 wakaanza kuonekana Tanzania, kwanza upande wa Songo Mnara, kisha kwetu Tanga, wakinaswa kwenye majarife yanayotegwa maji ya kina. Julai 2009 akapatikana mmoja Nungwi, Unguja, na mwaka huo huo Tanga ikatangaziwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Kwa hiyo samaki ambaye Smith alimtafuta kwa tangazo la lugha tatu amekuja mwenyewe mpaka kwenye nyavu za watu wanaosema Kiswahili tu. Wa kwanza kumshika ni mvuvi. Wa kwanza kuamua kisu kipite au kisipite ni mvuvi. Na maelekezo atakayosoma, akisoma, yatakuwa yamefasiriwa na mtu kama mimi.

Kiswahili tunacho cha kutosha kwa kazi hii, msiniambie hakitoshi. Minyoo iliyotutesa sisi wenyewe tuliipa majina: tegu, mchango, safura, na ugonjwa wa kichocho. Anayeng'ang'ania papa tunamwita chazo, ingawa yeye ni samaki kamili. Kwa kisu peke yake tuna kupara, kutumbua, kuchana, kupasua, kubanika hatujafika. Mimi nilikuwa na maneno yote hayo mkononi nikaokota lile moja linaloyabeba yote.

Mwaka jana nilikwenda likizo Tanga nikakaa na mjomba barazani. Sasa ni mzee, haendi tena baharini. Nilimsomea karatasi niliyoiandika upya, kwa hiari yangu, hakuna aliyenituma: samaki asiparwe, asitumbuliwe, asing'olewe matamvua, amwagiwe maji ya bahari tu mchanga utoke, asitiwe maji ya kisima. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ya maji ya kisima umeiweka kwa sababu ya vile vidude vyeupe?" akaniuliza.

Nikamwuliza vidude gani. Akanieleza kwamba kolekole mkubwa ukimtia kwenye ndoo ya maji matamu, baada ya muda hutokwa na vitu vidogo bapa ngozini, kama magamba, ambavyo baharini huvioni, na vikishakuwa vyeupe huanguka chini ya ndoo. Ni kweli tupu. Kuna familia nzima ya monojenea wa ngozi walio angavu kama kioo ndani ya maji ya chumvi, na maji matamu huwageuza weupe wakaachia. Wataalamu wenyewe huitumia njia hiyo kuwakusanya. Mjomba alikuwa ameiona toka utotoni.

"Mnaviitaje?" nikamwuliza.

"Haviitwi, mwanangu," akasema. "Vinamwagwa."